Mapafu Mekundu ya Apollonia Distler

Jumanne ya wiki ya tatu ya Kwaresima, Daktari Ottmar Kressling alimpasua Apollonia Distler, mfanyakazi wa karakana ya dhahabu, umri miaka thelathini na minne. Alianza saa mbili asubuhi, maana chumba cha maiti cha hospitali ya Weidenreuth kilipata mwanga wa maana mpaka saa sita tu, kisha mnara wa kanisa uliuziba. Sebald, mhudumu wa maiti, alikuwa amekwisha kuwasha kiko. Bila kiko, alikuwa akisema, pua yake ingemwachisha kazi tangu mwaka wa kwanza, na huu ulikuwa wa ishirini na sita.

Daktari alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, la. Alikuwa amepasua watu elfu sita na ushei, mgongo umepinda ukabaki hivyo, na macho yake yalikuwa yamegawana kazi: la kulia la hadubini, la kushoto la kutafutia funguo. Mke hakuwa naye. Mkate wake mweusi na figili alivila amesimama, kando ya dirisha, kwa mkono alioosha mara tatu.

Alipofungua kifua, mapafu yalikuwa mekundu. Wekundu wa damu ukiuosha huondoka, huu haukuondoka. Yalikuwa mekundu kama tofali, nje na ndani, na alipoyakata, wembe ukatoka na rangi, vidole vikashika rangi, hata ukingo wa meza.

"Hiyo ni rangi ya chumba chekundu, Bwana Daktari," Sebald akasema. "Pita uchochoro wetu siku ya kufua uone. Mfereji mzima unapita mwekundu, utadhani wamechinja."

"Tutaona," akasema Daktari. Maishani mwake hakuna neno alilolitumia zaidi ya hilo.

Chumba chekundu kilikuwa cha karakana ya Bwana Ammon. Pale dhahabu hufuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kisha hulazwa katika vijitabu vidogo, ukurasa kwa ukurasa. Ila dhahabu hung'ang'ania karatasi, hivyo kila karatasi husuguliwa kwanza kwa unga mwekundu mkavu. Wanaosugua ni wanawake. Madirisha hufungwa, kwa kuwa upepo ukiingia hupeperusha unga, na unga una bei. Apollonia alisugua miaka kumi na minane.

Mapafu yake yakatiwa katika chupa ya spiriti, chupa ikakaa rafu ya tatu. Mwili Sebald akaushona kwa uzi wa gunia, ukazikwa Jumatano asubuhi.

Jumatano hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, kengele ya karakana ilipolia ya kutoka kazini, Apollonia aliingia kwa mlango wa nyuma. Alifuta viatu, akaketi kwenye benchi la ukutani, akafungua kinywa. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

Sebald alimtazama kidogo, kiko mdomoni. "Pumzi hana," akasema. "Pumzi yake si iko rafuni?" Akaishusha chupa, akampakatisha.

Ndani ya spiriti mapafu yakajaa polepole, yakanywea, yakajaa tena. Sauti ikaja, ya mkwaruzo kidogo.

"Mshono gani huu, mzee Sebald? Hata gunia la viazi hushonwa kwa adabu."

"Gunia halinisumbui, Loni," Sebald akasema, kwa jina lake la uchochoroni. "Halirudi."

"Ningekuwa na mwingine wa kumsumbua ningekuja kwako?" Kisha akamgeukia Daktari, akaishika chupa vizuri. "Shikamoo, Bwana Daktari. Nimefuata hati yangu."

Hati ya kifo ilikuwa na mstari mmoja wa sababu, na kwa mstari huo mambo mengi yaliamuliwa Weidenreuth. Nyumba za uchochoroni zilikuwa za karakana. Mama akifa, bintiye hurithi kiti chake kazini, akishamaliza shule na kupata kipaimara, na kwa kiti hicho hubaki na kitanda. Lakini baraza la mji lilikuwa na sheria ya zamani: hati ikisema kwamba aliyekufa ameuawa na kazi yake, chumba alichofanyia kazi hufungwa mpaka kikaguliwe, na mrithi hukaa katika nyumba bure mwaka mzima. Apollonia alikuwa na binti mmoja, Walburga, wanamwita Burga, miaka kumi na minne. Kipaimara chake kilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Jumatatu yake aingie chumba chekundu.

"Mie nimekwisha," Apollonia akasema. "Sina kinyongo na nilichokwisha. Namtaka yule asiingie mle. Andika ulichokiona, basi."

"Tutaona, Bi Distler. Lazima nihakikishe."

"Hakikisha, baba. Nitakuja kesho."

Alikuja kesho yake, na keshokutwa yake. Daktari naye alihakikisha. Alikata mapafu vipande vyembamba hata herufi za gazeti zingesomeka chini yake, akavilaza kwenye vigae vya kioo. Chini ya hadubini aliona chembe nyekundu zimejikunyata ndani ya seli. Akadondosha tone la asidi, chembe zikayeyuka zikawa manjano. Akadondosha la dawa nyingine, zikageuka samawati iliyokolea. Akachukua unga ambao Sebald alikuwa ameukung'uta kwenye aproni ya marehemu, akaufanyia hivyo hivyo. Manjano, kisha samawati. Chuma, ndani na nje. Ijumaa saa tano asubuhi alikuwa na uhakika kama wa jina lake.

Hakuandika. Miaka tisa nyuma aliwahi kuandika hati ya kweli, ya mtia rangi aliyeuawa na madini ya risasi yaliyomo katika rangi zake. Ilirudishwa mara tatu na halmashauri ya hospitali, kwa adabu kabisa, na mara ya nne ikasainiwa na daktari mwingine, wa macho. Kila akikumbuka, mkono ulikuwa mzito. Tena alijiambia kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi. Hilo wamefundishana wenyewe wa kazi ile, na ni kweli, na limewafaa sana.

Jumatano iliyofuata, jioni, mwenyekiti wa halmashauri ya hospitali alikuja mwenyewe. Alikuwa ni Bwana Ammon. Mtu mwema, wallahi. Kwenye mazishi ya Apollonia alitoa shada la maua. Alivua kofia, akaweka mezani mkate wa tangawizi.

"Hujambo, Loni."

"Sijambo, bwana." Apollonia alijaribu kusimama, lakini chupa ilikuwa nzito.

"Kaa, kaa, mama. Umepumzika?"

"Bado, bwana. Nangoja hati."

Bwana Ammon akainama kwenye hadubini, akakaa sana. Alipoinuka, uso ulikuwa umechangamka. "Na hakuna aliyewahi kuuandika ugonjwa huu? Si Berlin, si Vienna?"

"Hakuna," Daktari akasema.

"Mji wetu huu! Daktari, uutoe kwenye jarida la madaktari. Uutoe na picha ya rangi."

"Jarida halina uwezo wa picha ya rangi. Na bila rangi hakuna atakayeamini."

"Mimi ninao. Nakala mia sita, nalipa yote." Akasogea, akashusha sauti, ingawa Apollonia alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. "Ila hati... ndugu yangu, hati ni karatasi, inasomwa na karani na panya. Andika kifua kikuu. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakubwa wa sayansi wakisema kwamba vumbi linaua, nani atabisha? Mimi nitabisha? Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kufungua madirisha."

"Na Burga?" Apollonia akauliza.

"Usiwe na wasiwasi, Loni. Nafasi ya Burga ipo."

"Ndiyo wasiwasi wenyewe huo, bwana."

Daktari Kressling aliitazama karatasi tupu. Nisimsingizie: hakuwa mwoga tu. Aliamini. Watu wa hadubini huamini kwamba kitu kikishaonekana vizuri, kikachorwa, kikapewa jina, nusu ya ubaya wake imekwisha, na nusu iliyobaki itaona haya. Aliziona nakala mia sita mbele yake. Akachovya kalamu, akaandika kifua kikuu, akatia saini. Bwana Ammon akagonga muhuri, akala kipande kimoja cha mkate wa tangawizi, akaondoka.

Apollonia aliutazama wino mpaka ukakauka.

"Hilo jarida limeandikwa lugha gani?"

"Kilatini kwa sehemu kubwa."

"Mie sijui Kilatini. Burga naye hajui."

"Wanaohusika wanajua, Bi Distler."

"Wanaohusika ni sisi," akasema. Akainuka, akairudisha chupa rafuni mwenyewe, akatoka bila sauti.

Kesho yake saa kumi na mbili alirudi. Sebald alimpa chupa, naye Apollonia akauliza, "Hati yangu je?" Daktari akamjibu kwamba ipo. "Iliyo yangu," akasema. Ikawa hivyo kila jioni. Wafagiaji wakazoea kuliruka benchi lile.

Burga akapata kipaimara, kwa gauni jeusi la kuazima. Jumatatu akaingia kazini.

Mwezi wa sita jarida likatoka. Ugonjwa ulipewa jina la Kigiriki, refu, ambalo Sebald alilijaribu mara mbili akaliacha. Picha ilikuwa nzuri mno. Barua zikamiminika kutoka miji ambayo Daktari alikuwa hajafika: wenzake walimsifu kwa uangalifu wake, kwa jina alilolitunga, na zaidi kwa rangi. Waliomba nakala. Mia sita hazikutosha, Bwana Ammon akaagiza elfu moja nyingine. Kwenye ukumbi wa mji wakamfanyia karamu ya soseji na bia, wakamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio. Aliona raha, tusidanganyane. Ilikuwa raha yake ya kwanza baada ya miaka mingi, na aliporudi alilala na viatu.

Asubuhi akaifungua picha mezani aione tena. Alipitisha kidole juu ya pafu. Kidole kikatoka chekundu.

Alikitazama kwa jicho la kushoto, kisha kwa la kulia. Hakuhitaji asidi.

"Sebald. Picha hizi zilipakwa rangi wapi?"

"Kumbe hujui?" Sebald akatoa kiko mdomoni. "Uchochoro mzima unajua. Zilikuja nyeupe kutoka kwa mpiga chapa, Bwana Ammon akazipeleka chumba chekundu. Unga ni ule ule. Ndiyo maana imefanana. Wasichana wamefanya kazi mpaka Jumapili, madirisha yamefungwa, wanasugua mapafu. Burga kasifiwa, mkono wake mwepesi. Mia mbili kapaka peke yake."

Daktari aliketi. Aliona haya, haya ya kweli. Akatoa hati mpya, akaandika kwa lugha ya watu wote: Apollonia Distler ameuawa na vumbi la kazi yake. Ilirudishwa baada ya siku mbili na karatasi ya heshima, kwamba marehemu ana hati tayari, na mtu hafi mara mbili.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine. Chuo kikuu cha mji mkuu kiliomba mapafu yenyewe, yawekwe kwenye jumba la maonyesho ambako wanafunzi wa nchi nzima watayaona. Bwana Ammon aligharimia usafiri na kibao cha shaba. Daktari akafikiri kukataa. Alifikiri mpaka chai ya saa nne, halafu akaona kwamba kukataa kunataka barua tatu, na mgongo unauma, na labda huko watu watayasikiliza. Akatia saini.

Sebald aliifunga chupa kwa nyasi kavu ndani ya sanduku. "Na jioni nitampa nini apakate?"

Daktari akabandika anwani juu ya sanduku.

Saa kumi na mbili Apollonia aliingia, akafuta viatu, akaketi, akanyoosha mikono. Sebald, kwa kuwa ni mtu wa adabu, alimpakatisha chupa tupu. Midomo ikacheza. Hakuna aliyemwuliza anasema nini. Maneno walikuwa wakiyajua, na yeye akayarudia taratibu, kama anayesema na kiziwi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Burga, anatoka kazini, mwekundu mpaka viwikoni na kwenye nyusi. Alikuwa akipita kumwamkia mama yake siku za malipo.

"Shikamoo, mama. Mbona leo umenyamaza?" Akambusu shavuni, akamwachia alama nyekundu, akaifuta kwa aproni ikaenea. "Bwana Daktari, picha zako ni ngumu kweli. Pale katikati pafu linataka kusuguliwa mara mbili." Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kidogo tu. Akaweka leso mdomoni, akaikunja haraka.

Apollonia alimgeukia Daktari. Midomo ilikuwa imetulia sasa.

"Acha kazi ile, Burga," Daktari akasema. "Acha kesho."

"Halafu nilale wapi, Bwana Daktari? Nyumba si ya Bwana Ammon?" Alisema bila ubishi, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Ni kikohozi cha mafua tu. Au siyo?"

Daktari aliinamisha kichwa. Alitafuta neno lingine, akatafuta kweli, na ni lile lile lililokuja.

"Tutaona," akasema.

Burga akamuaga mama yake, akaenda. Apollonia alikaa mpaka giza lilipoingia, kisha akainuka kama kawaida yake. Sebald akaichukua ile chupa tupu, akaisuuza, akaifuta kwa aproni mpaka ikang'aa, akairudisha rafu ya tatu.