Mawe ya Ziwani Ndani ya Meko

Mama alikuwa amekaa sebuleni kwake na koti la theluji, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, anajaza fumbo la gazetini kwa penseli aliyoishika kwa glavu. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndani, meko ya gesi ilikuwa imezimwa, kioo chake cheusi tii, na rimoti ya kuiwashia ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Nilivua viatu mlangoni huku hasira ikinipanda, maana hii ilikuwa mara ya tano mwezi huo.

"Mama, umezima tena?"

"Nimezima."

"Kwa nini lakini?"

Aliinua macho, akaitazama ile meko kwa muda mrefu, kisha akalirudia gazeti lake. "Moto huu haunipendi," alisema.

Nilichukua rimoti nikawasha. Moto ukaruka nyuma ya kioo, nami nikaenda jikoni kuchemsha kahawa, nikibamiza milango ya kabati bila sababu yoyote.

Hasira zenyewe hazikuwa za mama. Zilikuwa za kaka yangu, Wendell. Wendell alikuwa ameshampatia mama chumba katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mji, na Jumatatu tulitakiwa sote watatu twende tukatie sahihi. Mama alikuwa na miaka themanini na miwili. Nyumba hii aliijenga yeye na baba, hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, kwenye mteremko unaolitazama ziwa, na alishaapa kwamba atatolewa humo maiti, miguu ikitangulia. Nilimwambia Wendell kwamba huko kumng'oa ni kumuua. Tuligombana kwenye simu tangu sikukuu ya shukrani ya Novemba mpaka Krismasi, tukagombana tena mezani siku ya Krismasi yenyewe, bata mzinga akapoa.

"Basi wewe unayemwona kila siku," aliniambia siku hiyo, "andika tu unachokiona. Daktari anataka orodha. Usiongeze, usipunguze."

Nikaandika. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba mdomo wangu ulikuwa unapinga na mkono wangu unaandika. Mambo kumi na moja. Husinzia mezani mchana kweupe. Alisahau jina la mjukuu wake. Aliweka miwani ndani ya friji. Na la tatu, ambalo Wendell alilipigia mstari: huzima meko bila sababu akakaa kwenye baridi na koti.

Sasa mtu atauliza, kwani mama hakusema kwamba anaumwa? Asiyetufahamu ndiye atakayeuliza. Watu wa kwetu, hasa hawa ambao babu zao walitoka Ufini, hawasemi kwamba wanaumwa. Mama alivunjika mguu kwenye barafu mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, na baba alipomuuliza vipi, alijibu, "Si vibaya." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kwetu kuficha maradhi ni adabu, na anayelalamika hutazamwa kama mtu aliyekuja mezani bila kunawa.

Kahawa ilikuwa haijachemka Wendell alipoingia na faili lake kwapani, na nyuma yake mwanamke mfupi mnene mwenye mkoba wa vifaa. Alikuwa Renae, fundi wa meko. Mnunuzi wa nyumba, ambaye Wendell alishampata, alitaka cheti kwamba meko ni salama, na kwa miaka miwili hakuna fundi aliyeiangalia kwa sababu Wendell alisema hakuna haja ya kuhangaika na nyumba itakayouzwa.

"Habari za hapa," alisema Renae akifuta viatu. Kabla hajamaliza kuvivua, kidude kidogo kilichobanwa kifuani mwake kikaanza kulia. Akakitazama. Uso wake ukabadilika.

"Nani kawasha meko?"

"Mimi," nikasema, tena kwa majivuno, nikimtazama Wendell.

"Zima. Halafu wote nje. Sasa hivi."

"Dada, tusikimbizane," alisema Wendell. "Nje ni ishirini na sita chini ya..."

"Najua ni ngapi, si nimetoka huko? Nje, bwana, nje! Mshike mama yako."

Nilizima. Mama alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, penseli imeanguka. Nilimtikisa nikamwinua kwa makwapa. Tulitoka barazani, mimi na soksi ndani ya viatu visivyofungwa kamba, Wendell na sweta lake jembamba akirukaruka. Upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Nilimgeukia mama nikitaka kumfunika na chochote, nikakumbuka kwamba sina chochote.

"Mimi nimeshavaa," alisema mama.

Hakuna aliyecheka. Alisimama pale na koti lake na kofia yake, akivuta pumzi taratibu kupitia puani, na baada ya dakika chache macho yake yakaanza kuchangamka. Sisi wawili tulikuwa tunatetemeka meno yakigongana.

Renae alifungua madirisha yote, akatuita ndani hewa ilipobadilika. Alikwisha kufunga bomba la gesi na kukiondoa kioo cha meko. Kwa ndani kilikuwa na masizi mazito ambayo mimi siku zote nilidhani ni uchakavu. Alikuwa amepiga magoti, kiganjani ana jiwe jekundu lenye mistari myeupe.

"Haya mawe nani kayaweka humu?"

Niliyafahamu yote, moja moja. Mama alinifundisha kuyaokota ufukweni nikiwa na miaka minne. Ukililamba jiwe mistari yake huonekana. Alikuwa na kopo zima. Novemba, siku yake ya kuzaliwa, nilikifungua kioo mwenyewe nikayapanga mazuri kuliko yote katikati ya yale magogo ya bandia, ili moto uwe unayaangaza. Mama alisema, "Si vibaya." Nililia njia nzima kurudi kwangu kwa furaha.

"Ni mimi," nikasema.

"Umeyaweka juu ya matundu ya moto." Renae hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa sumu. Haina rangi, haina harufu. Ilitakiwa itoke nje kwa bomba, ila hiki kioo ulipokirudisha hukubana kibanio cha chini, na mpira wake umeshakatika. Sumu imekuwa ikija humu sebuleni. Inaumiza kichwa, inaleta usingizi, inasahaulisha mtu hata jina lake. Na shukuru Mungu hakuna jiwe lililopasuka, maana jiwe la ziwani huwa na maji ndani." Akalitupa kwenye ndoo. "Kila msimu nakuta vitu humu. Mawe, kombe, mbegu za misonobari. Mnadhani ni kabati la mapambo?"

Nilitamani anitukane zaidi.

"King'ora cha gesi kiko wapi? Sheria inataka kiwepo."

Ukutani palikuwa na duara jeupe mahali kilipokuwa, limezungukwa na rangi iliyofifia. Wendell akakohoa. "Kilikuwa kinalialia. Novemba ile. Nilidhani betri."

"Ukabadilisha betri?"

"Nilikitoa. Kiko gereji, kwenye droo."

Basi nikapata pa kutokea. Nilimrukia kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu. "Umekitoa! Kitu kinapiga kelele mama anakufa, wewe unakitia kwenye droo! Ulikuwa unamsubiri, siyo? Ulikuwa unataka nyumba tu! Mshenzi mkubwa we!"

"Usinianze, Marlys!" Uso ulikuwa umemwiva. "Mimi huja mara moja kwa mwezi. Nani alimpangia mawe? Nani huja kila siku? Kila siku ya Mungu unaingia hapa, mama amezima, na wewe unamfanya nini?"

Macho yangu yakaiangukia rimoti pale mezani.

"Si unamwashia?" alisema Wendell.

Niliwahi kusema mara nyingi kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kila niliposema nilikuwa namaanisha yeye. Mara tano mwezi ule. Sijui ngapi Desemba. Mama, na kichwa kinachompasuka asichotaka kukitaja, ananyoosha mkono, anazima, anavaa koti, anakaa kwenye baridi ili abaki hai. Halafu naingia mimi, binti mwenye upendo, nawasha, naenda jikoni. Kisha narudi nyumbani kwangu naandika kwamba anazima bila sababu. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe sikuweza kumfikia.

Renae alibandika kibandiko chekundu kwenye meko, akaandika tarehe. "Hakuna kugusa mpaka nibadilishe mpira na kusafisha yote. Mpelekeni hospitali apimwe damu. Leo, siyo kesho. Na wewe pia, dada." Akamgeukia mama, sauti ikalainika. "Mama, kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Si vibaya," alisema mama.

"Mama!" nikapiga kelele.

Mama akavua glavu, moja, kisha nyingine. "Kilikuwa kinauma," alisema. "Nikizima kinapoa."

Hilo tu. Renae aliondoka kwenda gereji kukitafuta kile king'ora, na Wendell akaanza kufunga madirisha, akisema twende hospitali, gari linapata joto, mambo ya Jumatatu tutayaahirisha.

"Acha wazi," alisema mama.

"Mama, humu ndani ni barafu."

"Nimesema acha. Na unipe hilo faili."

Wendell alinitazama, nami nikatazama sakafu. Alimpa. Mama alipapasa mfukoni, akapapasa mezani, halafu akasema bila kumtazama yeyote, "Miwani yangu iko kwenye friji. Marlys anajua."

Niliileta, ya baridi, nikamletea na kahawa na kipande cha mkate wa iliki kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Alivaa miwani, akaifungua karatasi ya ile orodha.

"Mwandiko wako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mzuri. Nilikufundisha mimi." Akasoma kwa sauti, taratibu, namba kwa namba, kama asomavyo orodha ya vitu vya dukani. Moja. Mbili. Alipofika la tatu alisimama, akatafuna mkate, akameza, akalisoma tena. "Bila sababu," alisema.

Wendell alikuwa ameegemea mlango, mikono kwapani, midomo imeanza kuwa ya buluu. "Mama, tutaganda hapa. Angalau dirisha moja."

"Vaa koti, Wendell."

"Hospitali je?"

"Nitakwenda. Nikimaliza kusoma."

Wendell akavaa koti. La nne lilikuwa la jina la mjukuu. Mama alilisoma, kisha akaweka kidole juu ya mstari, midomo ikichezacheza bila sauti. Upepo uliingia ukaigeuza kona ya gazeti lenye fumbo. Nilijua jina, lilikuwa mwisho wa ulimi wangu, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumsaidia. Nikaushusha. Sijui kama alilikumbuka au hakulikumbuka. Aligonga karatasi kwa kidole mara moja, akaendelea na la tano.

Nami nikaenda mlangoni nikachukua koti langu. Nililifunga vifungo vyote mpaka kooni, nikavaa kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi, nikarudi kuketi mbele ya ile meko iliyozimwa, nikamsikiliza.