Bati Lililong'arishwa

Amira alilikuta bati kwenye fremu yake likimetameta kama sinia la harusi, akajua kazi ya siku tatu imeishia kwenye kitambaa.

"Nimelisugua," alisema Daktari Régis, mkuu wa maabara. "Lilikuwa chafu."

"Yale madoa niliyapiga mimi, Shefu. Kwa mswaki na rangi nyeusi."

"Wageni wanakuja, we unataka waone mavi ya kuku?"

Bati jembamba likitikiswa, kila doa husogea kidogo. Kamera mbili huyafuata, na kompyuta hupaka rangi: nyekundu pale bati linapocheza, buluu pale lilipotulia. Bati tupu halina cha kufuatwa. Amira, binti wa fundi bodi za magari wa mtaa wa Buyenzi, alilielewa hilo siku ya kwanza. Régis alikuwa na udaktari wake, na mwezi wa nne huu bado halijamwingia.

"Niachie saa moja niyapige upya."

"Apana. We kaa kwa kompyuta. Mi nitaongea."

Amira akakaa. Kamera zilikuwa za kuazima, na mwenyewe, Madame Geneviève, alikuja siku hiyo kuamua kama zitabaki Bujumbura. Zikiondoka, Amira angerudi kupima mbao kwa tepu.

Régis aliongea, na kuongea alikuweza. Alipowasha kitikisio, bati likavuma. Kioo cha kompyuta kikabaki kijivu.

"Kamera hizi zimezeeka," akamwambia mwenye kamera.

Régis akasogea mbele ya bati, akainama kulionyesha kwa kidole, na shati lake la kitenge, jeusi lenye madoa meupe kama manyoya ya kanga, likajaa mbele ya kamera. Kioo kikalipuka rangi: mabegani buluu, katikati nyekundu inayochezacheza.

"Hiyo ni nini?" Geneviève akauliza.

"Tumbo la Shefu," Amira akasema. "Linatetemeka."

Geneviève akalitazama shati, kisha bati.

"Na bati, madoa yake yako wapi?"

"Yalikuwepo hadi jana, Madame."

"Nani ameyafuta?"

Amira akamgeukia Régis. Régis alikuwa akilikagua shati lake kama la kuazima.

Geneviève akaweka mkoba chini, akavuta kiti. "Unahitaji muda gani?"

"Saa moja."

"Nasubiri. Nikiona bati linacheza, kamera zinabaki kwako."

Amira akachukua mswaki, akauchovya.

"Shefu, sogea pembeni," akasema. "Umeshapimwa."