Kinyume cha Mzunguko

Sindano tupu ilikuwa kwenye sinia, idli zake nne, vile vikate laini vya mchele, hazijaguswa, na viatu vya Baba havikuwepo mlangoni.

Baba ni mkwe wangu, karani mstaafu wa posta, mgonjwa wa sukari miaka kumi na tisa. Akishajidunga insulini lazima ale ndani ya nusu saa, la sivyo anaanguka. Lakini asubuhi ile nilikuwa jikoni nikimwambia mume wangu Girish, tena kwa sauti, "Mpeleke kwa kaka yako kule Mysuru. Mimi nimechoka, sikuolewa kuwa nesi." Na ukuta wa jikoni kwetu ni mwembamba.

Nikanyakua kipande cha sukari guru, nikakimbilia ziwani. Hana pengine pa kwenda.

Watu wa mtaa wetu hapa Bengaluru hutembea kulizunguka ziwa kwa mwelekeo mmoja tu, maji yakiwa mkono wa kulia, kama tunavyozunguka hekalu. Hata wasioamini chochote wanafuata. Nilipita kihekalu cha mungu Ganesha pale langoni bila kuinamisha kichwa, nikaingia kwenye mkondo wa watembeaji. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha tangu ajidunge.

Wamama wa klabu ya kucheka walikuwa wameinua mikono, ha ha ha, macho wamefumba.

"Shangazi Sarojamma, umemwona Baba?"

"Leo hajapita. Vipi Vasudha, mmegombana?"

"Labda yuko nyuma. Ngoja nirudi."

"Urudi? Ukate mzunguko katikati? Acha kujitafutia mkosi, mwanangu! Maliza, utamkuta huko mbele."

Na mimi, mwalimu wa kemia, nikatii. Mpaka leo najichukia kwa hilo.

Nikakimbia. Upande wa mashariki ukingo hauna uzio, na magugu yamefunika maji. Nilitazama kila kitu cheupe nikidhani ni kofia yake. Kulikuwa na mfuko wa plastiki. Kulikuwa na korongo. Dakika thelathini na tano. Niliogopa vibaya, nikaanza kumwahidi Ganesha sadaka ya nazi, kisha nazi tano.

Muuza madafu alitikisa kichwa. "Mzee wa posta? Bado, dada. Nipo hapa tangu alfajiri, na yule hapiti bila kunitania."

Basi yuko nyuma, au yuko majini. Nikageuka.

Mlinzi akapuliza filimbi. "Dada! Huko siko!"

"Huna macho?" alifoka kijana niliyempiga kikumbo. Nilizidi kukimbia. Niliwapita wamama wa kucheka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nilimkuta karibu na kihekalu, ameshikilia uzio kwa mikono miwili, shati limelowa jasho, midomo inatetemeka. Nilimtia sukari guru mdomoni kwa vidole vyangu, nikamkalisha chini, nikamshika kidevu hadi akameza. Tulikaa hivyo muda mrefu, watu wakitukwepa.

Macho yalipotulia alisema polepole, "Nilikuwa nyuma ya kihekalu, nafunga kamba za viatu. Nikakuona unapita. Nikakuita."

"Sikusikia, Baba."

"Nikaita tena. Nikajikaza nikufikie. Ukazidi mwendo." Akajifuta kidevu. "Nikasema, haya, huyu kweli ananikimbia."

"Nilikuwa nakutafuta!"

"Mysuru ni pazuri," alisema, kama hakunisikia. "Ila unijulishe mapema, nikawaage watu wa hapa."

Nililia pale pale, mbele ya mtaa mzima. Nikamwambia nilichosema jikoni ni cha mtu aliyechoka, na kwamba uchovu bado ninao, lakini haendi popote. Alinyoosha mkono nimwinue.

Lango lilikuwa hatua hamsini nyuma yetu. Nikamshika kiuno, tukaanza kwenda kinyume cha watu wote, na mlinzi akaja mbio na filimbi yake.

"Mzee, hata wewe? Mwambie huyo dada hii njia haiendwi hivyo!"

"Huyo dada ni binti yangu," alisema Baba. "Tupishe."