Felista Aliyemtembeza Mumewe

Sixbert alipostaafu kazi ya kukagua njia ya reli, alikaa. Ujana wake wote na utu uzima wake aliutumia akitembea juu ya mataruma ya reli nje ya Itigi, nyundo begani. Sasa alishinda kibarazani kwa fundi baiskeli akicheza drafti na kunywa soda, na jioni alirudishwa nyumbani na bodaboda, ingawa nyumba ilikuwa jirani tu. Felista, mkewe, hakumlaumu. Aliona mume wake amekwisha kuchoka vya kutosha.

Kitambi kikaja, na usingizi wa mchana. Felista akampeleka zahanati. Muuguzi, dada mmoja aitwaye Peniel, akamwamkia, akampima damu.

"Baba, kisukari bado hakijakuingia, lakini kiko mlangoni," alisema. "Upe mwili kazi, tembea kila siku. Wengi wamekirudisha kikiwa hapo hapo."

"Nitembee kwenda wapi? Kazi yangu imekwisha."

"Atakwenda," Felista alijibu. "Niachie mimi."

Peniel akamgeukia. "Na wewe mama, nikupime?"

Felista akacheka. Alikuwa mwembamba tangu usichana. "Mimi sukari itakaa wapi? Hiyo ni ya wanene."

Kesho yake alimwamsha mumewe kabla jua halijachomoza. Sixbert aliona aibu. Mwanamume kuongozana na mkewe barabarani, bila mzigo, bila safari, watu wangesemaje? Felista akampa jembe.

"Beba hili. Watadhani tunakwenda shamba."

Siku za mwanzo walizunguka tu na jembe lao. Kisha Sixbert akasema ni upumbavu kubeba jembe bila kulima, wakaanza kufufua shamba la mtama walilokuwa wameliacha. Njiani walizungumza. Alimsimulia habari za reli ambazo miaka yote hakuwahi kumweleza, na Felista alimcheka, naye alipenda kuchekwa.

Mtama ulipofika magotini, Peniel alimpima tena Sixbert. Sukari ilikuwa imeshuka. Felista alipiga kigelegele pale pale zahanati, wagonjwa wakageuka kutazama.

Felista hakusema kwamba kiu ilikuwa inamsumbua. Hakusema kwamba alikuwa akiamka kila mara kwenda chooni, wala kwamba kandambili zake zilizolika zilikuwa zimemchubua unyayo. Kidonda kilikuwa hakimuumi, akakifunga kitambaa, akaendelea kutembea.

Sixbert alikiona siku mkewe alipoanza kuchechemea. Kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

"Mama Rahel, mbona hukuniambia?"

"Ungesimama," alisema. "Ulikuwa umeshaanza kupona."

Zahanati waliwapa rufaa ya hospitali ya Manyoni. Sukari ya Felista ilikuwa juu sana, na daktari alisema bila shaka alikuwa nayo siku nyingi. Madaktari wakaomba ruhusa ya kukata mguu. Sixbert aliweka sahihi. Lakini sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu, na Felista akafa kabla hawajampeleka chumba cha upasuaji. Mumewe alikuwa amemshika ule mguu, kama anayeuzuia usiondoke.

Baada ya mazishi Sixbert hakutoka nje. Mtama uliliwa na ndege. Rahel, binti yao, aliyekuja kutoka Singida Mjini, alimbembeleza mpaka akakubali kurudi kupimwa.

Peniel alitazama kipimo. "Imeanza kupanda tena, baba. Lakini bado hujachelewa."

"Siku ile ulipotaka kumpima mama Rahel," Sixbert alisema, "kama ningemwambia akae apimwe, angenisikia?"

Machozi yalimtoka Sixbert mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, wala hakuyafuta.

"Mpime huyu," alisema mwishowe, akimwonyesha Rahel. "Naye ni mwembamba."

Rahel akatoa kidole. Majibu yalikuwa mazuri. Walipotoka, alimwita dereva wa bodaboda, lakini baba yake alikuwa ameshatangulia kwa miguu, taratibu, ameinamisha kichwa. Rahel akamwomba radhi dereva, akamfuata baba yake.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Twende tu."