Mkono Uliokuja na Saa

Jirani anayeshona mapazia anadai ndiye wa kwanza kuuona. Anasema kaka mkubwa alitoka mlangoni amevaa saa ya marehemu baba yake, na kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini mkono ulikuwa wa marehemu: madoa ya uzee, kovu la kisu cha mkate, kutetemeka kulekule. Kwa kuwa jirani amemzidi kaka umri, alimwambia, "Hujambo wewe. Na wewe mkono, shikamoo mzee wangu." Kaka akaitikia salamu zote mbili.

Saa yenyewe ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Haikuwa na tarakimu, vijistari tu, na uso wake ulishageuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikaa imejificha ndani ya shati, ikachungulia pale tu mvaaji aliponyoosha mkono kupokea kitu, na waliokuwa wakiongea wakapunguza sauti. Kaka alipewa kwa kuwa ni mtoto wa kiume. Dada yake, aliyemwogesha na kumlisha baba mpaka mwisho, alipewa blanketi.

Akiivua, mkono wake mwenyewe ulirudi. Lakini hakupenda kuivua. Ofisini walimwambia saa ile na mkono ule vinapendezana.

Tabu ni kwamba mkono ulitaka kuhudumiwa. Ulimwaga chai, vifungo vikaushinda. Basi kaka akawa anapita kwa dada kabla ya kazi, anauweka mezani kama mtu anayeacha kiatu kwa fundi, kisha anasoma simu. Dada anaukata kucha, anaupaka mafuta kwenye mikunjo, anaitia saa ufunguo.

"Fanya haraka, mdogo wangu. Nina kikao."

"Una kikao wewe. Huu hauna. Huu unataka maji ya vuguvugu."

Asubuhi moja, ulipokwisha kupakwa mafuta, mkono ulinyanyuka polepole kuelekea kichwani kwa dada, kama baba alivyozoea kumshukuru alipokuwa hawezi tena kusema. Kaka akauvuta, akauingiza kwenye koti.

"Kaka," dada alisema, "niachie saa leo tu. Niivae mimi, niuweke hapa kichwani. Jioni nakurudishia. Kaka?"

Kaka aliuchomoa mkono kwenye koti, akaugeuza kuelekea dirishani mpaka dhahabu ikapata mwanga, akaona ameshachelewa.