Kibao cha Dobi wa Njia ya Lurambi

...au aandike tu DOBI, herufi kubwa, basi, kila mtu anajua dobi ni nini, lakini Onesmus ameshasimama hapo mlangoni, brashi mkononi, rangi ya buluu inadondoka kwenye kizingiti changu, "Mama, niandike jina gani?" nami nimemwambia ngoja kidogo, nikajifanya napuliza makaa ya pasi, kwa sababu jina la kibao cha zamani lilikuwa Erastus, na Erastus mume wangu tulimzika kule Khwisero mvua zilipoanza, na kibao chenyewe shemeji yangu Lazarus alikibandua matanga yalipokwisha tu, akasema jina la marehemu halikai barabarani, na tangu hapo watu wanapita wanaona ukuta mtupu, wanasema dobi alikufa, na kazi ikafa naye... wazungu nao, wale wa mashuka na kaptula za kaki, wamefunga masanduku wakaenda zao, Uhuru ulipokuja nilipiga vigelegele kama wenzangu, sikatai, ila kaptula hazikurudi. Halafu Lazarus akaja Jumapili, chumba hiki walikinunua pamoja yeye na kaka yake, akakaa, akanywa chai yote, "Shemeji, rudi nyumbani, shamba liko, hapa nitampangisha mtu wa cherehani," kwa upole kabisa, na huo upole ndio mbaya, angefoka ningejua la kumjibu, nikasema nipe mpaka Krismasi, akasema, "Sawa, lakini wateja utatoa wapi? Walikuwa wa Erastus." Wa Erastus... ni kweli aliyekuwa akisimama mlangoni kupokea nguo na kucheka na watu ni yeye, mimi nilikuwa nyuma kwenye karai, mikono ndani ya sabuni, nani angeniona...

"Mama, ama nichore na shati? Shati kubwa, ya rangi, watu wanapendanga picha," Onesmus anasema, na picha ina bei yake, na fedha niliyonayo inatosha jambo moja, lisipofaulu ndiyo nimekwenda Khwisero. Teresa wa duka la chumvi aliniambia, dada, tangaza gazetini, maofisa wapya wa mkoa wanasomanga gazeti, nikafurahi mpaka nilipofika nyumbani nikafikiria, gazeti linatoka Nairobi, linasomwa Nakuru, linasomwa Mombasa, sasa mtu wa Mombasa atanitumia shati lake Kakamega nilipige pasi? Na yule wa gari la sinema linalozunguka vijijini, mwenye kipaza sauti, akasema, "Mama, nitalitaja jina lako kabla ya kila picha, Navakholo yote itakujua," na itanijua kweli, lakini Navakholo watu wanafua wenyewe mtoni, ningelipa ili watu wasio na haja nami walisikie jina langu wakingoja picha ianze... Hata kibao, nikisema ukweli, nani aliletwa na kibao? Mwalimu Shitanda, je? Hapana, yule alikaa kanisani nyuma ya Barasa wa posta ibada nzima akitazama kola, wakitoka nje akamwuliza, "Nani anakufulia?" Jumatatu akaja na mashati yake kwenye kikapu cha mkewe. Na yule mzee wa Mumias, salamu aleikum akiwa bado barabarani, aliiona kanzu ya jirani yake siku ya Idi, nyeupe mpaka akadhani ni mpya. Kibao kiliwaonyesha mlango tu. Kilichowatoa nyumbani ni nguo, nguo iliyokuwa mwilini mwa mtu... na kola ile ya Barasa nani aliisugua, nani aliipikia maji ya wanga usiwe mzito wala mwepesi, Erastus alikuwa hata hapendi kushika pasi, alisema inamchoma, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri na pasi hakuijua.

Basi kama ni nguo zinazosema, nani atavaa nguo zangu mbele ya maofisa wote kwa siku moja? Kwaya. Sellah, anayeiongoza, alilalamika juzi kwamba majoho yamekuwa rangi ya chai, na mwezi ujao ni Jamhuri, watasimama uwanjani waimbe, maofisa wamekaa mbele na wake zao, hawana la kutazama ila kwaya... Nimwambie niletee yote, nitafua bure, ila mtu akiuliza mtaje aliyefua, hilo tu. Fedha iende kwenye sabuni na buluu ya kung'arishia nguo nyeupe na makaa, kibao kiwe kidogo, bila shati, cha kumwonyesha mtu mlango. Na nikiunguza joho moja? Watu wote wataona hilo pia. Wataona. Lakini sijawahi kuunguza nguo ya mtu, miaka yote hiyo, na kama wateja ni wa Erastus basi hiyo siku Lazarus mwenyewe aje uwanjani asimame juani atafute mkono wa Erastus kwenye majoho yale... loo, nimekasirika, sikujua kama nimekasirika, nilidhani ni huzuni tu.

"Mama, rangi inakauka. Ni Erastus tena, ama?" Hapana, Onesmus, naona kinywa changu kinataka kufunguka, jina langu halijaandikwa popote ila kwenye cheti cha ubatizo, itabidi nimtajie herufi moja moja, aanze na M, kibao kidogo, andika Mideva, Dobi, na usiongeze mke wa nani.