Platini za Gari la Bibi

Kabla hapajakucha droo ya jikoni ililia, na bibi akajua mkwewe, aliyelala kwake usiku huo, anatafuta bisibisi. Alimfuata gereji, akamkuta ameshang'oa platini za gari la bibi la zamani, vile vyuma vya kutoa cheche ya kuwashia injini ambavyo mkwe alikuwa akija kuvipiga msasa kila mwezi, na kufunga kifaa cha kielektroniki mahali pake.

“Hiki hakitaki msasa, mama.”

Bibi akamtupia jicho la pembeni. Kumbe ndiyo dawa yake ya kutokuja tena kwangu, aliwaza.

“Sema tu umenichoka.”

Mkwe aliwasha gari, likaitika bila kukohoa. Akampangusia kiti kwa shati lake, akamkabidhi ufunguo.

“Lilikuzimikia njiani, ukaacha kuja kwetu. Sasa halitakuzimikia. Wajukuu wanakuulizia, mama. Njoo tena ututembelee.”